Kavu au Mayai?

Kasulu hakuna KFC. Kibondo hakuna Pizza Hut. McDonald's haijafika hata Dar es Salaam, kwa hiyo hiyo tuiache. Mtu wa vilima vya Kigoma akisema anapenda migahawa yenye matawi, ile ambayo ukiingia tawi hili au lile unakuta chakula kilekile, bei ileile na kiti kilekile cha plastiki, wenzake watamuuliza ameila wapi. Mimi nawajibu: nimeila hapahapa, karibu na stendi ya Kasulu, juzi jioni, kwa buku mbili na jero.

Nazungumzia banda la chipsi.

Litazame vizuri siku moja kabla hujaagiza. Kabati la kioo lenye balbu ndani, na mlima wa chipsi zilizokaangwa nusu zikisubiri mteja. Trei la mayai juu ya kabati. Karai jeusi la mafuta kwenye jiko la mkaa, na pembeni kikaango kidogo ambacho hakijawahi kupika kitu kingine zaidi ya mayai. Bakuli la kachumbari lililofunikwa sahani. Chupa mbili laini za kuminya, moja ya tomato, nyingine ya pilipili, zote zimeongezwa maji na kila mtu anajua. Kopo la chumvi lililotobolewa kifuniko kwa msumari. Vijiti vya meno, ambavyo kwenye banda la chipsi ndiyo uma. Nyuma ya haya yote kijana aliyevaa jezi ya Simba au Yanga, anayeweza kupasua yai kwa mkono mmoja huku anajibu simu kwa mkono wa pili.

Banda hili nimelikuta Kibondo, nikalikuta Kakonko, Makere, Nyakanazi, Kahama na Mbezi. Hakuna makao makuu, hakuna meneja wa kanda, hakuna mtu aliyekuja na mchoro. Hata serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Juni 1, 2019, mabanda yote yalibadilika pamoja. Rambo ikaondoka, foili na karatasi zikaingia, kana kwamba kuna waraka ulisambazwa usiku.

Wamarekani walilazimika kuandika. Ndugu wawili, Dick na Mac McDonald, walifunga mgahawa wao wa San Bernardino, California, wakapunguza menyu hadi vitu tisa, wakapanga jiko kama kiwanda na kufungua upya mwaka 1948. Miaka saba baadaye Ray Kroc akafungua tawi lake Illinois, na kuanzia hapo kila kitu kikawa na kipimo chake: unene wa nyama, dakika za kukaanga, mpangilio wa jiko. Sisi kipimo kimekaa mikononi mwa vijana. Kijana anamenya viazi vya mwenzake miezi sita Mwanza, analipwa kidogo na kula chipsi zilizoungua, halafu anarudi kwao na karai. Ndiyo chuo chenyewe. Na matokeo, aisee, yanafanana kuliko mitihani ya taifa.

Nilikua nikihubiriwa kwamba chipsi ni hatari. Siyo kwa sababu ya mafuta. Wasichana wa rika langu tunakumbuka: mwalimu wa nidhamu, shangazi, mchungaji, mgeni rasmi kwenye mahafali, wote walikuwa na hotuba moja. Msichana huanguka kwa lifti na chipsi. Mwanaume anakununulia chipsi mayai, na masomo yameishia hapo. Hakuna aliyetuambia dawa nyepesi, kwamba msichana anaweza kujinunulia mwenyewe. Mshahara wangu wa kwanza nilipoupata nilikwenda peke yangu, saa moja usiku, nikaagiza mayai mawili na mishikaki miwili juu yake. Nikala taratibu nikiwa nimekaa kwenye benchi, uso umeelekea barabarani, ili yeyote aliyetaka kuona aone.

Sasa, kwenye kurasa kama hizi tunahakiki riwaya na diwani. Chakula tukikigusa tunagusa cha bibi: mchuzi wa nazi, ugali wa muhogo uliotwangwa, vitu vyenye kumbukumbu na machozi ndani yake. Banda la chipsi haliandikwi. Likiandikwa linaandikwa kama dalili ya ugonjwa: vijana wamepotea, kisukari kimeongezeka, utamaduni umekufa. Ndiyo maana nampenda Marilyn Hagerty. Alikuwa mwandishi wa gazeti la Grand Forks Herald, North Dakota huko Marekani. Machi 2012, akiwa na miaka 85, aliandika uhakiki wa tawi jipya la Olive Garden mjini kwake. Olive Garden ni mgahawa wa matawi ya kawaida kabisa, na watu wa miji mikubwa huufanyia mzaha. Yeye aliuhakiki kwa heshima zote. Alieleza mapambo, alieleza wahudumu, akasema alikula kuku wa Alfredo na kunywa maji. Intaneti ikamcheka wiki nzima. Halafu wacheshi wakaanza kuona haya, kwa sababu bibi hakuwa anajifanya mjinga wala mjuaji. Mgahawa mpya umefunguliwa mjini kwake, watu watakwenda, basi waambiwe wakifika watakuta nini. Anthony Bourdain, mpishi na mwandishi ambaye ulimi wake haukuwa na huruma, alisimama upande wake, na mwaka 2013 akatoa kitabu cha tahakiki zake.

Nilipoisoma habari ile nilijiuliza nani amewahi kuhakiki banda hata moja la Kasulu. Tunalo neno "mhakiki" na tunalitumia kwa Shaaban Robert tu.

Niseme basi kwa nini naipenda hii chipsi, maana kusema "tamu" haitoshi, na kusema kweli mara nyingine si tamu.

Kazi yangu ni kupeleka vitabu na madaftari kwenye maduka ya Kasulu na Kibondo. Barabara hii naijua tangu ikiwa vumbi jekundu linalokaa kwenye meno hadi kesho yake, na naijua sasa lami ilivyopunguza mateso. Ni barabara inayotembea karibu na mpaka. Burundi iko ng'ambo ya vilima vile, na Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba mama yangu anaweza kununua ndizi kwa mwanamke wa upande wa pili bila kutumia neno hata moja la Kiswahili. Sokoni ni baraka. Kwenye basi ni kesi.

Basi linasimamishwa. Anapanda mtu, anatazama nyuso kiti kwa kiti. "Wewe. Kitambulisho." Unatoa. Anakiangalia, anakuangalia. Kwenu wapi? Kibondo ipi? Baba anaitwa nani? Babu je? Shule ya msingi ulisoma wapi, mwalimu mkuu alikuwa nani? Mfanyabiashara wa Kahama kwenye kiti cha dirishani amelala usingizi wake mzuri, yeye hakuulizwa. Mpaka lazima ulindwe, sibishi, na watu kweli wamekimbia vita na kupita humu kwa miongo. Lakini kuna namna ya kuulizwa kwenu mara kumi ambayo mwisho unaanza kutafuta jibu kwa wasiwasi, kama mtu anayekumbuka namba ya siri. Mwalimu mkuu! Nilikuwa na miaka saba. Sisi tulimwita "Mwalimu" tu.

Ukishuka hapo, magoti yamekufa, jina la babu bado liko mdomoni, unavuka barabara.

"Karibu dada. Kavu au mayai?"

Swali lote ndilo hilo. Hataki kujua baba yako. Hata lafudhi yako haijali. Ukisema "mayai" ana swali la nyongeza, "Moja au mawili?", na baada ya hapo wewe ni mtu kamili mwenye haki zote za kachumbari. Ukikaa Kibondo utaulizwa hivyo, ukikaa Mbezi utaulizwa hivyo, na jibu lako litaeleweka kote. Mimi sijui pasipoti nyingine inayofanya kazi vizuri namna hiyo.

Jambo hili nililielewa sawasawa Dar, si huku. Mwaka 2016 nilimpeleka baba kutibiwa macho. Siku moja baada ya kliniki mvua ilitukuta njiani, na mlango wa karibu ulikuwa wa KFC, ambayo imeingia Tanzania mwaka 2013. Baba ni mzee wa Kibondo, mfuga nyuki, mtu ambaye akiingia hoteli yoyote yenye kitambaa mezani mabega yanashuka. Huwa ananong'ona: "Muulize bei kwanza." Halafu akiambiwa bei anasema ameshiba.

Pale hakunong'ona. Macho yalikuwa mabovu, lakini zile picha kubwa zenye taa aliziona, na bei imeandikwa chini ya kila picha, kubwa, wazi, mbele ya watu wote. Aliinyooshea kidole moja. "Hii." Binti wa kaunta akaiita kwa namba, akapokea hela, akatoa risiti. Kwisha. Hakuna aliyesimama pembeni na kalamu akisubiri tujue majina ya vyakula vya watu.

Tulipokaa akaitazama ile picha ya ukutani. "Huyu mzee ndiye mwenye duka?"

Nikamwambia aliitwa Sanders, alianza kuuza kuku Kentucky pembeni ya kituo cha mafuta, na tawi la kwanza lilifunguliwa na rafiki yake huko Utah mwaka 1952. Kampuni akaiuza mwaka 1964, akabaki anazunguka kama sura yake, na inasemekana alikuwa akifika kwenye matawi na kulalamikia mchuzi. Alikufa mwaka 1980.

"Na bado anakaribisha wageni," baba akasema, akiwa ameridhika. Akala. Baadaye, tukiwa kwenye daladala, akanigeukia: "Mama, kuku wa mama yako anamshinda yule. Ila pale hawana dharau."

Wasomi wana hoja zao dhidi ya haya. Mwanasosiolojia George Ritzer alitoa kitabu chake cha The McDonaldization of Society mwaka 1993, akaeleza kwamba dunia nzima inaanza kuendeshwa kama mgahawa ule: haraka, kwa kuhesabu, kwa kutabirika, kwa kudhibiti. Nakubaliana naye zaidi ya nusu. Ukitaka kuuona ukweli wake huku, ingia hotelini saa saba mchana. Nasema hoteli kwa maana yetu, pa kula. Mhudumu anasimama mbele yako na kuimba bila kuvuta pumzi: wali maharage, wali nyama, wali samaki, ugali maharage, ugali nyama, ugali samaki, ndizi nyama, kuna na pilau. Wimbo huohuo Dodoma. Wimbo huohuo Tanga. Nayo ni raha, nimeshasema. Lakini sikiliza kisichoimbwa. Ugali wa muhogo haumo. Maharage yaliyoungwa kwa mawese hayamo, wala sombe, yaani kisamvu, wakati nyumba tatu nyuma ya hoteli hiyohiyo mama mwenye hoteli anawapikia watoto wake ndiyo hayo. Niliwahi kumuuliza mmoja kwa nini hapiki mawese hotelini. Akacheka: "Wageni watasema nini?" Mgeni mwenyewe siku ile alikuwa ni mimi, nimetoka kilomita chache, na mawese ndiyo niliyokuwa nikiyatamani.

Kuna upenyo mmoja tu kwenye ule wimbo. Ukisema "wali samaki", uliza samaki gani. Ukiambiwa mgebuka, basi Ziwa Tanganyika limepanda mlima kukufuata, na hapo usiulize tena, kaa.

Wakenya walipata somo lao la kufanana Januari 2022, KFC Kenya ilipoishiwa chipsi. Meli zilichelewa, viazi havikufika. Watu wakashtuka: kumbe viazi vilikuwa vinatoka nje, katika nchi ambayo kiazi ni zao linalofuata mahindi kwa umuhimu? Mitandao ikawaka, kampuni ikasema itazungumza na wakulima wa ndani. Mimi huku nilikuwa nacheka kimyakimya. Banda letu viazi vikichelewa kijana anakwenda kwa jirani yake, ambaye naye ana banda, kumkopa nusu gunia. Kufanana kwetu hakuna kiwango cha mzunguko wa kiazi, ndiyo maana hakuvunjiki kirahisi.

Lakini kuna kufanana kwingine hapahapa kwetu, na sitakuwa mkweli nikikuruka. Nyarugusu iko Kasulu. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo. Nduta iko Kibondo. Ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya kwao. Ndani ya kambi mgawo ni unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta, chumvi, unga wa uji wa lishe. Mwezi huu hivyo, mwezi ujao hivyo, ukiwa na bahati bila kupunguzwa. Hakuna chakula kinachotabirika zaidi ya hicho katika mkoa mzima. Na watu wa kambini siku zote wamefanya kila njia kuuza sehemu ya mgawo ili wapate kitu kingine, kipande cha samaki, nyanya, chochote chenye rangi tofauti.

Nina rafiki Mkongo aliyekulia Nyarugusu, kisha akahamishiwa Marekani pamoja na familia yake. Tunaandikiana WhatsApp. Nilimuuliza kuhusu migahawa ya huko, nikidhani atanisimulia baga. Alinitumia sauti ya dakika nne, na karibu yote ilikuwa kuhusu matango. Kwamba baga huja na vipande vya matango ya siki, naye hayapendi. Siku ya kwanza aliyala, kwa sababu amezoea kula anachopewa. Mara ya tatu mtu aliyekuwa mbele yake kwenye foleni akasema "bila matango", na mhudumu akabonyeza kitufe, basi. "Dada, nilitoka kwenye foleni nikaenda kukaa," alisema. "Miaka yote ile mimi sijawahi kuambia mtu anayegawa chakula: toa hiki." Siku hizi anaagiza bila matango, bila kitunguu, bila kitu, hata anapokuwa anakipenda. Anasema kitunguu ataacha kukikataa akishatosheka kukataa.

Nimeifikiria sana sauti ile. Mgawo na chipsi mayai vyote ni vilevile kila siku, ila mgawo hauulizi. Ukiniuliza tofauti ni nini kati ya kufanana ninakokupenda na kule ninakokuogopa, sina ya kwenda mbali zaidi ya yale maneno matatu ya kijana mwenye karai.

Haya, tahakiki, kwa heshima ya bibi wa Grand Forks. Banda la kwanza, Makere: viazi vimekatwa vinene mno, katikati havijaiva, lakini kachumbari ina pilipili mbuzi kweli, na kijana anakuongezea bila kuombwa. Banda la pili, Kibondo mjini, upande wa soko: mayai yanashikana vizuri, kingo zimekauka kidogo kama inavyotakiwa, mafuta yamebadilishwa wiki hii. Taa inawavuta kumbikumbi msimu wa mvua, kaa mbali nayo. Chipsi kavu hapo nilianza kuinunua kwa jero. Sasa ni buku jero, na huo ndio mfumuko wa bei ninaouelewa bila kuelezwa na mtaalamu.

La tatu ni la Kasulu, jipya, kabati bado lina gundi ya stika. Chipsi nyembamba, mayai hayana chumvi ya kutosha, vijiti vimehesabiwa. Kilichonisimamisha ni ubao wake. Kijana amepaka rangi nyekundu, herufi nyeupe, na chini ya jina ameandika: TAWI LA KASULU. Nikamuuliza makao makuu yako wapi. Alikuwa anageuza mayai, hakuinua uso.

"Dada si umetoka Kibondo? Hukupaona?"